Mwaka wa Karatasi za Mwalimu Kirimi

Mwalimu Kirimi alizikwa mwezi uliopita, nyumbani kwake juu kwenye miinuko ya Meru, katika shamba la majani chai lenye mteremko mkali hivi kwamba viti vya plastiki viliwekewa mawe miguuni visije vikabingirika na waombolezaji. Nilitoka Embu alfajiri nikafika ibada ikianza. Mwendeshaji wa shughuli alimwita baba wa kompyuta wa Meru, mtu aliyewafungulia vijana wa mashambani mlango wa dunia, na wazee waliokaa mbele wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikaa nyuma, mikono mapajani. Sikulia, na sikwenda kule kufurahi. Nadhani nilikwenda kusikia kama kuna hata mmoja atakayemsema alivyokuwa, na nilipoona hakuna, nikaanza kuukumbuka mwaka ule mwenyewe, kimyakimya, wakati kwaya ikiimba.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza shule ya upili na niliishi Majengo, mjini Meru, katika chumba cha kupanga nyuma ya bucha, kwenye ua wa mjane aliyeitwa Mama Zuhura. Chumba kilipakwa rangi ya buluu hadi usawa wa kifua, na kutoka hapo hadi kwenye mabati ukuta ulikuwa wa chokaa iliyotoka vumbi kila ukiiegemea. Kitanda kilikuwa kimoja, na tulikilalia wawili: mimi Wawira wa Kanja, na Igoki wa Kiritiri. Sote ni watu wa Embu, lakini kwetu ni kwa kahawa na mvua na kwao ni chini kwenye joto, kwa mbuzi na pojo, na tulichekana kwa maneno madogo ambayo Kiembu changu kiliyasema hivi na Kimbeere chake vile. Igoki akirudi kutoka nyumbani alikuja na pojo na asali ndani ya chupa ya soda. Mimi nilikuja na nduma na ndizi za kupika. Tulipika juu ya jiko la mafuta mlangoni, maana ndani moshi ulitushinda, na tukiwa tumechutama pale tulisikia ua mzima: shoka la mchinjaji likigonga gogo, adhana kutoka msikitini, wanawake wakikaanga mahamri na kubishana kuhusu zamu ya bomba.

"Nyinyi mnasomea nini hasa?" Mama Zuhura alituuliza siku moja, akichagua mchele kwenye ungo.

"Kutengeneza tovuti, Mama," nikamwambia.

"Tovuti ndiyo nini?"

Igoki akafikiri. "Ni kama duka, Mama, lakini halina mlango. Mtu yeyote duniani anaingia."

"Na mwizi?"

"Naye anaingia."

"Basi hilo si duka," akasema Mama Zuhura, akaendelea na mchele wake. Tulicheka mpaka pojo zikaungua. Nasimulia hili ili ieleweke kwamba tulipendana. Bila hilo, yaliyofuata yangekuwa mambo ya kawaida tu ya watu wawili waliosoma darasa moja.

Chuo cha Mwalimu Kirimi kilikuwa orofa ya juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na kilinuka rangi na misumari. Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta ambazo nusu yake tu zilikuwa nzima, na ofisi yake ilitenganishwa na maabara kwa ukuta wa plaiwudi usiofika darini. Ndani ya ofisi mlikuwa na kabati la vioo lililojaa vitabu vinene vya kompyuta, vipya, migongo yao ikimetameta. Sisi tulivitazama kama mtu anavyotazama keki kwenye dirisha la duka. Vya kusomea tulipewa karatasi, nakala zilizotolewa kwenye nakala nyingine mpaka herufi zikapauka na mistari ya mwisho ya kila ukurasa ikakatika. Zilianza na historia ya kompyuta, ambayo tuliikariri kwa wiki nyingi. Kisha zikaingia kwenye kutengeneza kurasa: namna ya kuchora jedwali na kutia maneno na picha ndani ya visanduku vyake ili vikae mahali pake, namna ya kufanya maandishi yakimbie kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine, namna ya kuandika rangi ya kila kichwa cha habari hapo hapo kilipo, kimoja kimoja, ukurasa baada ya ukurasa. Nilizishika vizuri sana. Nilikuwa wa kwanza darasani. Sikujua kwamba nilichokishika kilikuwa kimeshatupwa na mafundi wenyewe wa kazi ile. Mtu anayeanza hana cha kulinganishia. Akipewa chakula kilichochacha siku ya kwanza, atadhani ndiyo ladha yake.

Na nilijaribu kutafuta cha kulinganishia, jambo ambalo leo huniuma kuliko mengine yote. Karibu na soko kulikuwa na saiba, duka la kulipia intaneti, na siku nilizoweza kulipia muda kidogo niliingia nikatafuta masomo ya kutengeneza tovuti. Yalikuja mengi, kurasa kwa kurasa, bure, kila moja likidai ndilo la wanaoanza. Moja lilianza na maneno nisiyoyajua. Jingine lilitaka kwanza niweke programu ambayo kompyuta ya saiba haikuruhusu. La tatu lilikuwa na mfano mfupi ambao ungeweza kuuandika na kuona matokeo papo hapo, ukauharibu, ukaurekebisha, na lilisema tangu mwanzo kwamba rangi na mpangilio huwekwa pembeni, mbali na maneno. Hilo la tatu lilinivutia, lakini lilipingana na karatasi zetu, na mimi nilikuwa binti wa shule ya bweni aliyefundishwa kwamba penye mgongano unamwuliza mwalimu. Nikanakili anwani yake mkononi kwa kalamu, nikaenda kumwuliza.

Alikuwa anakula mukimo na parachichi mezani kwake. Hakukasirika. Alinikaribisha kiti.

"Mwalimu, kwenye intaneti kuna masomo mengi," nikasema. "Nimeshindwa kuchagua. Hili hapa naliona zuri, lakini linasema tofauti na wewe. Nifuate lipi?"

Aliutazama mkono wangu, akasoma anwani yote. "Usifuate lolote," akasema. "Huko kila mtu anaandika anachotaka. Utachanganyikiwa. Wewe ndiye bora darasani, Wawira, usijiharibu. Maliza karatasi zangu kwanza."

Nikamshukuru. Nikaenda bombani nikaunawa mkono.

Jioni ile, tukimenya nduma, nilimweleza Igoki. Nilimweleza kwa kirefu, kwa sababu shaka ilikuwa bado haijanitoka. Nilimwambia kuhusu mfano ule mfupi, kuhusu kuweka rangi pembeni, na kwamba labda karatasi zetu ni za zamani. Igoki alikuwa ameinama, kisu mkononi, akimenya.

"Wewe unaonaje?" nikamwuliza.

"Mwalimu anajua," akasema.

Maneno mawili. Nimewasikia watu wakilaumu maisha yao kwa ukame, kwa ugonjwa, kwa mume. Mimi nina maneno mawili yaliyosemwa juu ya sufuria ya nduma. Maana wakati huo Igoki alikuwa amekwisha kukaa majuma mengi na kitabu kimoja kutoka kabati la vioo. Alikuwa akibaki chuoni baada ya masomo, na aliniambia kwamba Mwalimu amempa kazi ya kusafisha maabara ili apunguziwe karo. Wasichana wengine darasani walisema kuna jambo kati yake na Mwalimu, na mimi ndiye niliyewanyamazisha, nikiwaambia Igoki si mtu wa hivyo. Hakuwa mtu wa hivyo kweli. Alikuwa anasoma. Alifagia haraka, kisha akaketi mbele ya kompyuta nzima kuliko zote na kufanya mazoezi ya kitabu ambacho sisi tulikiona mgongo tu. Kitabu kile nilikuja kukipata baadaye sana, kikiwa nacho kimezeeka, na nikakuta sura ya pili inaeleza jambo lile lile nililokuwa nimeliandika mkononi.

Siku nyingine ya mwaka ule nilikuwa peke yangu kwenye maabara wakati wa chakula cha mchana, na upande wa pili wa plaiwudi Mwalimu alizungumza na ndugu yake, aliyeanzisha naye chuo. Ndugu yake alilalamika kwamba kununua vitabu vile na kuvifungia ni hasara. Mwalimu akacheka. "Ukiwapa vyote mara moja," akasema, "muhula wa tatu utawafundisha nini?" Nilidhani wanazungumzia ratiba. Niliendelea kuchora jedwali langu.

Sasa ninafundisha kompyuta katika chuo cha ufundi Embu, na wanafunzi wangu wana tatizo lililo kinyume na letu. Kila mmoja ana masomo mfukoni, kwenye simu, video zisizoisha, na huruka kutoka moja hadi nyingine, wakianza kila siku na wasifike popote. Wenzangu kwenye chumba cha walimu huwacheka. Husema siku hizi kijana hana udhuru, kila kitu ni bure. Mimi huwa sicheki. Najua kinachotafutwa na mtu anayeruka hivyo: anatafuta mtu mmoja amwambie kwa moyo safi, anza na hili, na lile liache. Ni kazi ndogo. Haihitaji kipaji. Inahitaji tu kwamba aliyetangulia asiogope kufikiwa.

Kuelekea mwisho wa mwaka ule, ofisi moja ndogo ya pale Meru, iliyotengeneza tovuti za mahoteli, ilitafuta mtu wa kuajiri. Mwalimu alitutuma wawili, mimi na Igoki. Tulivaa sketi zetu za kanisani na kuazimana sweta. Mama Zuhura alitupa chai na mahamri asubuhi, akatuombea dua akiwa amesimama mlangoni, na akasema atakayepata asimsahau mwenzake. Tulicheka, tukasema hilo haliwezekani.

Aliyetupokea aliitwa Bwana Njagi, mtu mpole mwenye shati lililokunjwa mikono. Alituketisha kwenye kompyuta mbili zilizopakana, akatufungulia nakala ya tovuti ya hoteli moja, yenye kurasa nyingi. "Mwenye hoteli hapendi tena rangi nyekundu," akasema. "Vichwa vyote vya habari viwe kijani. Kisha mje tunywe chai." Akatoka.

Nilifungua ukurasa wa kwanza. Kichwa cha habari nilikiona, lakini rangi yake sikuiona imeandikwa popote, kwa hiyo niliiandika pale pale, kama nilivyofundishwa. Kikageuka kijani. Nikafurahi. Nikafungua wa pili, nikaandika tena, nikafungua wa tatu. Nilikuwa na mkono mwepesi na nilijua kwamba nafanya vizuri. Pembeni yangu Igoki alifungua faili moja ambayo mimi hata sikuitazama, akabadilisha neno moja, akahifadhi. Nikaona kwa pembe ya jicho kurasa zake zote zikiwa na vichwa vya kijani, moja baada ya nyingine akizikagua. Kisha akaweka mikono yake mapajani akatazama dirisha. Hakunigeukia. Mimi niliendelea, ukurasa baada ya ukurasa, masikio yakiwaka, nikijua sasa kwamba kuna kitu, bila kujua ni kitu gani, na nikiogopa kusimama kwa sababu kusimama kungekuwa kukiri.

Bwana Njagi aliporudi alisimama nyuma yangu kwa muda. "Kwani hukufundishwa kuweka rangi zote mahali pamoja?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza tu.

"Hatukufundishwa," nikasema.

Akamtazama Igoki, akanitazama. "Lakini nyinyi mmetoka darasa moja."

Tulikunywa chai yake. Ilikuwa na tangawizi, na sikuimaliza.

Tulipofika chumbani Igoki aliketi kitandani na viatu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu muhula wa kwanza. Alinipa kitabu. Alisema nikimwonyesha mtu, atakichukua."

"Na mimi ni mtu?"

"Wawira, mimi sina shamba la kahawa la kurudia. Kwetu ni makaa na mchanga. Ningepoteza kile kitabu ningeolewa kufikia mavuno."

"Ningekisoma hapa hapa, mlango ukiwa umefungwa. Tunalala kitanda kimoja, Igoki. Nani angejua?"

Nadhani kwa mara ya kwanza aliona kwamba lilikuwa jambo rahisi kiasi hicho. Kisha akaanza kulia, na nikagundua kwamba kulia kwake kunanikera, kwa sababu sasa ilinibidi niwe mtu wa kumnyamazisha. Sikumnyamazisha. Nilitoka nikaketi na Mama Zuhura uani, akanipa maharagwe ya kuchagua bila kuniuliza kitu. Igoki alianza kazi baada ya siku chache na akahamia chumba kingine karibu na ofisi. Aliacha kwenye dirisha chupa ya asali, imejaa. Nilimpa Mama Zuhura.

Kabla sijarudi Kanja nilikwenda kwa Mwalimu. Nilitaka anifukuze, nadhani, ili nimchukie kwa urahisi. Hakunifukuza.

"Mwalimu, mbona hukunipa mimi kitabu kile? Nilikuja nikakuuliza. Nilikuja na anwani mkononi."

"Kumbe una hasira," akasema, akishangaa kwa dhati. "Sikiliza. Miaka yote hii nikiingia darasani huwa natazama. Wengi wenu mnataka cheti cha kuwaonyesha watu nyumbani. Igoki alitaka kazi. Kila mtu nilimpa alichokuja kutafuta."

"Ulijuaje mimi natafuta nini? Hukuniuliza."

"Mwalimu hana haja ya kuuliza. Anaona." Kisha akanisogezea kiti, na akaniambia kwa wema kabisa kwamba nikitaka naweza kujiandikisha mwaka unaofuata katika kozi mpya, ya juu, ambayo ingetumia vitabu vile vya kabatini. Nilimtazama usoni nitafute kejeli. Haikuwepo. Ndiyo maana hata leo siwezi kumwita mwovu, na ndiyo maana hasira yangu haijapata mahali pa kutua.

Nilirudi Kanja nikachuma kahawa. Nikauza katika duka la vitabu vya shule Embu, nikaajiriwa kwenye saiba, nikaanza kujifunza upya usiku na mchana kutoka mwanzo, nikivunja kwanza nilichokuwa nimekishika, maana jambo baya la kusomea kitu kibovu ni kwamba hubaki mikononi. Kwa muda mrefu vidole vyangu viliendelea kuchora jedwali pasipohitaji jedwali. Nilipokuwa tayari kuomba kazi, wale waliokuwa wakiomba walikuwa wadogo kwangu sana na walijua mambo mengine mapya, na waajiri waliniuliza kwa upole kama nimewahi kufikiria kufundisha. Hivyo nimekuwa mwalimu. Si kazi mbaya. Lakini siwezi kusema niliichagua, na watu wanaponiambia kwamba kila jambo lilikuwa na makusudi yake huwa nabadilisha mazungumzo.

Igoki ndiye aliyenitafuta siku ya mazishi, baada ya maombi, tulipokuwa tumepewa chakula. Amekuwa mtu mkubwa Nairobi, ana ofisi yake, na alikuwa ametoka kumsifu marehemu mbele ya watu kwa sauti iliyotetemeka. Aliketi karibu nami na sahani yake ya wali na nyama, akavua miwani ya jua, tukala.

"Alikuwa mtu mwema kwangu," akasema hatimaye.

"Najua."

"Bado umenikasirikia."

"Siku ile ya nduma," nikamwambia, "nilikuuliza waziwazi. Nilikwisha kulipata somo zuri, peke yangu. Nilikuuliza unaonaje. Ukaniambia Mwalimu anajua."

Alikunja uso, akitafuta. Nilimwona akipita chumba kile cha buluu, jiko, mlango, akitafuta kwa uaminifu. "Sikumbuki nikisema hivyo," akasema. Na hakuwa anasema uongo. Miaka yote hiyo nimekuwa nikiibeba jioni ile nikidhani tumeibeba wawili.

Labda aliona uso wangu, kwa sababu aliniwekea mkono begani. "Nasikia una darasa zuri huko Embu," akasema. "Nina nafasi ofisini. Nitumie mmoja, yule bora."

"Bora simjui," nikamjibu. "Wote nimewapa kitu kimoja."

Akacheka kidogo akidhani natania, akavaa miwani yake, akaenda kumpa pole mjane wa Mwalimu.